Mvujo wa Polepole katika Mtambo wa Kuosha Magari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtambo wa kuosha magari unaojiendesha hushinda ukilowa, na ndiyo sababu mvujo mdogo hujificha humo kwa urahisi. Bomba la jikoni likidondosha usiku, mtu husikia. Nozeli ya mtambo, yaani kichwa cha kunyunyizia maji, ikidondosha, hakuna anayegeuka kuitazama. Majibu haya yanawahusu waendeshaji na mafundi wanaoona mita ya maji ikisonga bila sababu, au dimbwi ambalo halikauki, na wanataka kujua pa kuanzia kabla ya kununua vipuri.

Nozeli huendelea kudondosha baada ya gari kuondoka. Je, huo tayari ni mvujo?

Si lazima. Vali ikishafunga, maji yaliyobaki katika bomba la juu ya tao linalobeba nozeli hushuka kwa uzito wake yenyewe: hewa huingia kwa nozeli moja na maji hutokea kwa nyingine, taratibu sana. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25 na urefu wa mita 6 hubeba karibu lita 3 za maji. Kwa mwendo wa tone moja kila sekunde, lita hizo 3 zinaweza kuchukua zaidi ya saa 16 kwisha, kwa hiyo kusubiri robo saa kisha kutoa hukumu hakufai kitu.

Kinachofaa ni kuhesabu. Hesabu matone kwa dakika moja mara tu baada ya mzunguko kwisha, hesabu tena baada ya nusu saa, na mara ya tatu baada ya saa moja. Idadi ikiwa inapungua, hayo ni masalia ya bomba. Idadi ikibaki ile ile, kuna maji mapya yanayoingia, na hapo ndipo vali inapoanza kushukiwa. Masalia yakikukera, dawa yake ni vali ya njia moja yenye springi, iliyofungwa karibu na nozeli. Mita 3 za kimo cha maji huleta takriban bari 0.3 tu, hivyo springi inayohitaji presha inayozidi hiyo ili ifunguke itayazuia maji yasidondoke.

Tone moja kwa sekunde lina hasara gani ya kunihangaisha?

Tone la kawaida huwa na takriban mililita 0.05. Moja kwa sekunde ni lita 4.3 kwa siku, au karibu lita 1,580 kwa mwaka, kiasi ambacho wengi wangekivumilia. Tatizo ni kwamba mvujo haubaki pale ulipoanzia, kwa maana maji yanayopita katika mwanya mwembamba huupanua. Uzi mwembamba wa maji unaojaza jagi la lita 1 kwa dakika 2 hupoteza lita 720 kwa siku, na hizo kwa mwaka ni zaidi ya mita za ujazo 260. Tena, kama maji hayo yamekwisha kulainishwa, kuchujwa au kupashwa moto, unapoteza pia chumvi, umeme na uhai wa vichujio.

Sakafu hulowa daima. Nitajuaje kwamba mtambo unavuja?

Iulize mita, usiiulize sakafu. Baada ya kufunga kazi, hakikisha matangi yote yamejaa, kilainisha maji hakimo katika mzunguko wa kujisafisha, na hakuna mtu anayetumia choo wala sinki lililo kwenye mstari huo huo. Andika namba ya mita pamoja na tarakimu zake za mwisho, zile ambazo kwenye mita nyingi huwa nyekundu, kisha irudie kabla ya gari la kwanza asubuhi. Mita nyingi zina pia kinyota au pembetatu ndogo inayozunguka kwa mtiririko hafifu. Ikiwa inajikongoja wakati kila kitu kimezimwa, jibu umekwisha kulipata.

Chukua mfano wa mita iliyosogea lita 40 kwa saa 8. Hizo ni lita 5 kwa saa, zaidi kidogo ya mililita 80 kwa dakika, mtiririko ambao ungeweza kuukinga kwa kikombe. Sasa funga koki za matawi moja baada ya nyingine: tawi la suuza ya mwisho, la sabuni, la matangi, la chumba cha pampu. Kila unapofunga moja, tazama kinyota kwa dakika chache. Tawi ambalo likifungwa kinyota husimama, ndilo lenye mvujo.

Hapa pana mtego ambao umewahi kunipotezea usiku mzima. Koki za zamani za kuzungusha gurudumu mara nyingi hazifungi kabisa, na ukiamini kwamba umefunga tawi wakati koki bado inapitisha maji, utaliondolea hatia tawi lenye kosa. Fungua tundu la kutolea maji lililo mbele ya koki, upande maji yanakoelekea, na uhakikishe kwamba maji yamekatika kabisa. Kama hayakatiki, badilisha koki kwanza, kwa sababu bila koki zinazofunga huwezi kuchunguza lolote.

Nimeshapata tawi. Nizime umeme kwanza au nifunge maji kwanza?

Umeme kwanza, na mpangilio huu si wa mazoea tu. Mvujo ukiwa unaendelea, zima umeme wa udhibiti unaoendesha vali, kisha tazama kwa dakika mbili tatu. Matone yakikata, vali ilikuwa inashikiliwa wazi na umeme. Pengine relei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) imeganda, pengine kadi ya kutolea amri inavujisha mkondo mdogo wa umeme hata ikiwa imezimwa, pengine programu imeachwa katika hali ya majaribio. Kuna dalili rahisi: koili ya vali ambayo haikutakiwa kufanya kazi huwa na joto ukiigusa kwa nje, ilhali jirani zake ni baridi. Katika hali hiyo kufungua vali na kubadilisha kiwambo chake, yaani utando wa mpira wa ndani, ni kupoteza muda.

Matone yakiendelea ijapokuwa umeme umekatwa, kosa ni la kimitambo. Sasa funga koki iliyo nyuma ya vali, upande maji yanakotoka. Matone yakikoma muda mfupi baadaye, vali ndiyo inayopitisha. Yakiendelea bila kupungua, maji yanatoka upande usioutarajia, na hali hii huwachanganya wengi. Katika mitambo ambayo sabuni, nta na suuza hutumia bomba moja la mwisho, kila mstari una vali yake ya njia moja. Moja ikishindwa kufunga, maji ya mstari mmoja huingia katika mwingine na kutokea kwenye nozeli isiyo yake. Fundi hubadilisha vali ya suuza mara mbili, naye mkosaji ni mstari wa sabuni.

Kabla ya kufungua kitu chochote, funga swichi kuu kwa kufuli, chukua ufunguo, na ufungue nozeli au tundu la kutolea maji hadi geji isome sifuri. Mtambo unaojiendesha unaweza kuanza wenyewe ukiwa umeinama ndani yake.

Vali ya solenoidi (inayofunguliwa na koili ya umeme) imezimwa lakini bado inapitisha maji. Ndani yake kuna nini?

Vali nyingi za aina hii hazifungwi na nguvu ya koili. Hufungwa na maji yenyewe. Ndani mna kiwambo cha mpira chenye kitundu kidogo, karibu ukubwa wa ncha ya sindano. Maji hupitia kitundu hicho na kujaa juu ya kiwambo, na kwa kuwa eneo la juu ni kubwa kuliko lile la chini linaloguswa na presha, kiwambo hukandamizwa juu ya kiti chake. Koili ikipata umeme huinua pini ndogo, maji ya juu hupata pa kutokea, presha ya juu huanguka, na kiwambo huinuka.

Kutokana na utaratibu huo, dalili hukuonyesha kosa. Kitundu kikiziba, maji hayafiki juu, hivyo vali hukataa kufunga kabisa au huchukua muda mrefu kufunga. Punje ya mchanga ikikwama kati ya kiwambo na kiti, vali hudondosha. Pini ikiwa na ukoko wa chokaa chini yake, uzi mwembamba wa maji hupita hata wakati kiwambo kimekaa sawasawa.

Fungua parafujo za kifuniko kwa mkingamo, shika springi isiruke, inua kiwambo na ukielekeze kwenye mwanga. Kitundu kinapaswa kuonyesha mwanga; kama hakionyeshi, kisafishe kwa maji na hewa, wala usikichokonoe kwa waya, kwa kuwa kitundu kilichopanuka hubadilisha mwendo wa vali. Kisha pitisha ukucha kwenye kiti. Mkwaruzo unaouhisi kwa ukucha utavujisha hata kiwambo kiwe kipya, na hapo badilisha vali nzima.

Nimesafisha na kubadilisha kiwambo, bado inavuja. Nimekosea wapi?

Tazama mshale ulio kwenye mwili wa vali. Ikifungwa kinyume, presha huinua kiwambo badala ya kukikandamiza. Tazama pia presha ya mstari, kwa sababu vali nyingi za kiwambo huhitaji tofauti ya presha ya takriban bari 0.3 hadi 0.5 ili zifunge vizuri, na mstari unaolishwa na tangi lililo juu kidogo tu huenda usiifikie. Tatu, jiulize uchafu ulitoka wapi. Kama chujio lililo nyuma ya vali limetoboka, punje nyingine itafika kesho.

Maji hudondoka chini ya pampu ya presha kubwa. Je, nibadilishe sili zote, yaani mipira ya kuzuia maji?

Kwanza tafuta tone linapotokea. Pampu za plunja (nguzo zinazokwenda mbele na nyuma kusukuma maji) zina nafasi kati ya kichwa cha maji na sanduku la mafuta, na kwa makusudi nafasi hiyo imeachwa wazi upande wa chini, ili sili zikichoka maji yaanguke nje badala ya kuingia katika mafuta. Watengenezaji wengine huruhusu matone machache kwa dakika mahali hapo, kwa hiyo soma kitabu cha pampu yako kabla ya kuhukumu. Matone yanayoongezeka wiki baada ya wiki ni ya sili zilizochoka. Matone yanayotokea upande mmoja tu mara nyingi ni ya plunja iliyopasuka au kukwaruzwa, na sili mpya juu ya plunja kama hiyo haitadumu.

Angalia na kioo cha mafuta, kile kidirisha cha kuonea mafuta ya pampu. Mafuta yakigeuka rangi ya maziwa, maji yamekwisha kuingia ndani. Wakati mwingine huwa ni unyevu wa hewa uliogeuka maji katika chumba chenye mvuke, lakini usibahatishe: badilisha mafuta, endesha siku chache, kisha tazama tena. Yakirudi kuwa meupe, simamisha pampu, maana beringi zake hazitavumilia.

Vilevile, sili zinazokufa mapema mara nyingi huwa zimeuawa na ukosefu wa maji kwenye mlango wa kuingilia. Chujio lililoziba au bomba jembamba mno huifanya pampu ivute hewa na kutetemeka, nayo huchana sili. Ukibadilisha sili bila kutengeneza upande wa kuingilia, utazibadilisha tena.

Pampu ya kuongeza presha hujiwasha yenyewe usiku. Kwa nini?

Swichi ya presha huiwasha pampu presha inaposhuka, na usiku hakuna kinachoishusha presha isipokuwa maji yanayoondoka. Funga koki iliyo mbele ya pampu. Ikiacha kujiwasha, mvujo uko mbele, kwenye mtambo. Ikiendelea, maji yanarudi nyuma kupitia vali ya njia moja kwenye mlango wa pampu na kuingia tena katika tangi, hivyo hutaona hata tone sakafuni. Pima pia muda kati ya mwasho mmoja na mwingine: muda ukifupika, mvujo unakua. Kama tangi la presha limepoteza hewa yake, pampu itajiwasha mara nyingi zaidi kwa mvujo ule ule. Hewa yake hupimwa tangi likiwa tupu la maji, na kwa kawaida huwekwa takriban bari 0.14 chini ya presha inayowasha pampu.

Mita inasonga lakini hakuna mahali palipolowa. Maji yanakwenda wapi?

Mara nyingi yanakwenda moja kwa moja kwenye mfereji, kwa njia iliyotengenezwa rasmi. Hii ndiyo mivujo mikubwa kuliko yote, na ndiyo inayochelewa kuonekana. Vali ya boya isiyofunga hujaza tangi kupita kiasi, na ziada hutoka kwa bomba la kumwagia bila kelele. Inua kifuniko na uone kama maji yamefika ukingoni mwa bomba hilo. Kilainisha maji ambacho vali yake imekwama hupeleka maji mferejini hata wakati ambao hakijisafishi, kwa hiyo kinga bomba lake la maji machafu kwa chombo. Mtambo wa osmosi ya kinyume, unaosafisha maji kwa kuyasukuma kupitia utando, nao hutoa maji ya kutupwa kila unapotengeneza maji safi, lakini tangi la maji safi likijaa, mtiririko huo unapaswa kukoma. Ukiendelea, vali ya kuingilia au ile ya kusafishia utando haifungi.

Tangi la kuzungushia maji yaliyotumika lina hesabu yake. Hupoteza maji yanayoondoka na magari na yanayokauka hewani, na mtambo huyafidia. Kulipima, sitisha kazi, zima pampu zake, funga maji ya kufidia, weka alama ukutani kwenye usawa wa maji na uweke ndoo ya maji karibu yake. Usawa wa tangi ukishuka zaidi ya ule wa ndoo, ukuta au kiungo cha bomba kinapitisha.

Nimeona tone kwenye kiwiko cha chini. Je, ndicho kinachovuja?

Pengine ni mahali pa mwisho tu pa safari. Maji hutambaa chini ya bomba hadi yapate pa kuangukia, na mita 2 si mbali kwake. Kausha bomba lote kwa kitambaa, zungushia karatasi laini kila kiungo kuanzia juu, kisha rudisha presha. Karatasi ya kwanza kulowa ndiyo yenye habari. Karatasi zikilowa zote kwa pamoja, kidogo kidogo, huenda huo si mvujo bali ni bomba la maji baridi linalotoa jasho katika chumba chenye joto.

Kiungo cha nyuzi kinadondosha. Nikikaze zaidi?

Kama ni cha plastiki, acha. Kukaza kunaweza kukomesha matone leo na kupasua kiungo cha kike (chenye nyuzi kwa ndani) kesho, hasa pale ambapo nyuzi za shaba zimeingizwa katika plastiki. Kifungue, safisha nyuzi, zungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba mara tatu hivi kuelekea upande wa kukazia, na uache uzi wa kwanza wazi ili vipande vya tepu visikatike na kwenda kukwama kwenye vali. Nyuzi zilizonyooka zisizo na mchongoko hazizibwi na tepu hata kidogo. Hutegemea washa au ringi ya mpira.

Ringi za mpira huvimba au kuwa laini muda mfupi baada ya kufungwa. Tatizo ni nini?

Mpira haukuchaguliwa kulingana na kemikali inayopita. Mpira wa EPDM huvumilia maji ya moto na sabuni nyingi, lakini huvimba ukiguswa na mafuta ya petroli, hata grisi ya kawaida uliyoipaka kwa nia njema ili iteleze; tumia grisi ya silikoni. Mpira wa nitrili hali yake ni kinyume chake: huvumilia mafuta, lakini asidi kali huuchosha mapema. Mtengenezaji wa kemikali ndiye wa kuulizwa, na jibu lake liandikwe kwenye kisanduku cha vipuri.

Naweza kupapasa mpira wa presha, yaani bomba la mpira la pampu, kwa mkono ili nipate tundu?

Hapana, hata ukivaa glavu. Pampu hizi mara nyingi hufanya kazi kwa bari 70 au zaidi, na maji yanayotoka katika tundu dogo kwa presha hiyo hupenya ngozi. Jeraha huonekana kama mchomo mdogo tu, ilhali ndani maji na sabuni vimesambaa; mtu aliyepatwa apelekwe hospitali mara moja, hata kama haumwi. Pitisha kipande cha boksi kilichoshikwa kwa koleo refu, au bora zaidi zima mtambo na ukague mpira kwa macho: palipovimba, palipochubuka hadi waya kuonekana, na palipo karibu na vichwa vya chuma. Mpira wa presha haufungwi kwa tepu wala kwa klipu, hubadilishwa.

Katika maeneo ya baridi kali, matone ya nozeli hayakomi. Huo ni uharibifu?

Huenda ni mpango. Baadhi ya mitambo hupitisha maji kidogo kwa makusudi halijoto inapokaribia nyuzi 0, ili yasigande ndani ya mabomba, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kupasua chochote kinachoyabana. Kosa ni pale kihisi cha halijoto kinapoharibika na mfumo huo ukabaki wazi hata katika majira ya joto. Ukishaona matone katika nozeli zote kwa wakati mmoja na kwa mwendo unaofanana, anza kukagua hapo.

Nimetengeneza. Nitajuaje kwamba nimemaliza?

Rudia kipimo kile kile cha mita kwa muda ule ule, matangi yakiwa yamejaa kama awali. Lita 40 zikiwa zimeshuka hadi 6, bado kuna mvujo wa pili uliokuwa umefunikwa na ule wa kwanza, na hutokea mara nyingi kuliko mtu anavyotaka kusikia. Namba isiposogea usiku kucha, andika tarehe, vali iliyotengenezwa na kipuri kilichowekwa, kisha chukua kipimo kingine baada ya siku 7, kwa sababu mchanga uliosumbuliwa na ukarabati huchukua muda kufika kwenye kiwambo kipya.